Punda Hakupakwa Rangi

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya mifugo walinikatia keki yenye picha ya ng'ombe aliyefanana sana na mbwa, wakaniomba niwaandikie changamoto na mafanikio ya kazi yangu. Mafanikio sina mengi ya kusimulia. Mnyama akipona, mwenyewe humshukuru Mungu. Akifa, hunitafuta mimi. Basi nitawaandikia yale yasiyomo kwenye vitabu vyenu, hasa mambo ya moto wa magharibi ya Kakuma. Kila nyasi zikikauka moto ule hunirudia, na safari ijayo mtakaoitwa ni nyinyi.

Kwanza mjue kwamba mimi si daktari, ingawa Turkana nzima iliniita hivyo na sikuwa na nguvu ya kubishana na watu wote. Nina cheti cha afya ya mifugo nilichokipata nikiwa msichana, na kwa miaka mingi nilifanya kazi kwetu Taita, kwenye maranchi yanayopakana na mbuga. Huko ndiko nilikojuana na moto wa nyika. Nilijifunza kwamba mnyama aliyeungua hudanganya. Siku ya kwanza anasimama, anatembea, pengine hata anakula, na mwenyewe anafurahi kwamba amenusurika. Siku zikipita kwato zinaanza kuachana na nyama kama soli ya kiatu cha bei rahisi, na hapo mambo yamekwisha. Ndiyo maana siangalii macho wala manyoya kwanza. Naanza na miguu. Napitisha kidole pale nywele zinapokutana na ukwato. Pakiwa pa moto, pamevimba na panatoa majimaji, sihitaji kuambiwa zaidi.

Mwaka 2012 nikahamishiwa Lodwar. Nilifika mchana wa jua kali nikiwa nimevaa sweta, kosa ambalo mtu hulifanya mara moja tu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Lokwang, Mturkana aliyekuwa amekaa kwenye ofisi ile muda mrefu kuliko meza zake. Hakuniuliza habari za safari. Alinifungulia mkoba wa kazi, akatoa kitu kimoja kimoja na kuniuliza kinafanya nini, kama askari wa mpakani. Alipofika kwenye chupa ya dawa ya kumlaza mnyama usingizi asioamka, akaishika kwenye mwanga, akaitikisa.

"Hii huku ni shida," akasema. "Kisu ama sindano. Chagua moja."

Akanifafanulia. Katika nchi ya ukame, mnyama anayekufa ni msiba, lakini pia ni chakula cha mwisho cha nyumba ile. Ukimchinja mapema, watu watakula. Ukimdunga, umefunga jiko lao, kwa hiyo usidunge kabla hujajua kama anapona au haponi. Na ukishadunga, hata kama ni dawa ya kawaida tu, paka alama ambayo mtoto ataiona akiwa mbali. Akanipa mkebe wa rangi ya kijani ya kupulizia, ile ya kuwekea mifugo alama. Kila tulikokwenda alitangaza neno lile lile: mwenye rangi haliwi. Wachungaji walilishika, kwa sababu lilikuwa fupi na kwa sababu Lokwang hakuwahi kuwadanganya.

Safari yangu ya kwanza naye ilikuwa ya chanjo, upande wa Lokori. Tulipomaliza tukakaribishwa nyama, nikala vizuri, nikaomba na kuongezwa. Njiani nikauliza ilikuwa ya ng'ombe au ya ngamia. Lokwang akacheka hadi akamwomba dereva asimamishe gari. Ilikuwa punda. Kwetu Taita punda hubeba maji, na akifa hutupwa. Maili nyingi nilijisikiliza tumbo, na tumbo halikuwa na lalamiko lolote. Baadaye nikazoea, na ubaya wa kuzoea jambo ni kwamba unasahau kuna watu wasiolijua.

Mwaka 2013 mvua ilinyesha vizuri, nyasi zikapanda hadi magotini, kisha zikakauka zikiwa zimesimama. Ndio mwaka kaunti zilipoanza. Serikali mpya haikuwa imeota meno, na ile ya zamani ilikuwa imeshayang'oa yake, kwa hiyo ofisini hakuna aliyejua mafuta ya gari ni ya nani. Habari za moto zilipofika tulikuwa bado tunajadili hilo. Wengine walisema umewashwa na warina asali, wengine radi. Sikutumwa kumtafuta mwenye kiberiti. Nilipakia dawa, bandeji na mikebe ya rangi, nikaondoka na dereva wetu, Ekal, kijana wa huko huko Kakuma aliyeijua nyika ile kwa miguu kabla hajaijua kwa magurudumu.

Kakuma tuliungana na Daktari Muthoni. Huyu alikuwa daktari wa mifugo hasa, mwenye digrii, aliyeletwa na shirika moja la misaada. Alikuwa na mikono mizuri. Nilimwona akimfunga mbuzi mshipa huku mbuzi anarusha mateke, na hakutikisika. Nawaambia mapema ili mtakapofika mbele msimdharau.

Nyika iliyoungua ina ukimya ambao siupendi. Ardhi ilikuwa nyeusi hadi kwenye vilima, na hapa na pale moshi ulitoka chini bila kuonekana unakotoka. Hayo ni mashina na mizizi. Juu unaona majivu yaliyopoa, chini mna makaa yanayongoja mguu. Ng'ombe huvunjika hapo, na mtu pia. Ekal alikataa kupita popote ambapo hakuona nyayo za mnyama aliyetangulia, na sikumharakisha.

Wachungaji walikuwa wamewakusanya wanyama wao kwenye uwanda mmoja uliosalimika, kando ya laga, mto wa mchanga usio na maji. Kabla ya kufungua mkoba niliwaambia mambo ambayo nanyi mtayasema kila mara. Wafungeni mbwa, maana mbweha na fisi waliokimbia moto wanazurura wakiwa na njaa na majeraha, na mbwa akigombana nao hujui ataleta ugonjwa gani nyumbani. Msiwawekee wanyama wa porini maji karibu na boma, hata kama mnawahurumia, wawekeeni mbali. Na mnyama wa porini aliyelala chini msimguse. Walinisikiliza kwa adabu. Mtu aliyepoteza mbuzi wake hawezi kufurahia hotuba kuhusu mbweha.

Hapo ndipo nilipomjua Akiru. Mumewe alikuwa mbali na ngamia, na yeye alikuwa na watoto, mbuzi, punda mmoja na mbwa mwenye madoa aliyeitwa Lomeri. Mbuzi wake wengi walikuwa hai, na aliniambia sababu bila kujivuna wala kupamba. Moto ulipofika mbwa alizunguka nyuma ya kundi akalisukuma hadi kwenye mchanga wa laga, akarudi kwenye moshi, akatoka na wale waliobaki. Nyayo zake zilikuwa zimechubuka zote nne. Nikamsafisha, nikampaka dawa, nikamfunga bandeji. Alinivumilia, ila jicho lake halikuniacha hata kidogo.

"Mfunge kamba leo," nikamwambia Akiru.

"Lomeri haijui kamba."

"Leo ataijua."

Akamfunga kwenye mti, kwa heshima tu. Lomeri akaitazama ile kamba kama mtu aliyetukanwa.

Mimi na Muthoni tukagawana kazi. Mimi mbuzi na ng'ombe, yeye punda, ambao walikuwa wamesimama ng'ambo ya kichaka kilichoungua. Tulikuwa tumekubaliana asubuhi kuhusu kisu na sindano, naye akaona ni jambo la maana, akachukua mkebe wake wa rangi. Nilifanya kazi mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Waliokuwa na kwato zinazoachana nilisema wachinjwe, na wenyewe wakawachinja hapo hapo. Waliokuwa na matumaini niliwadunga na kuwapaka kijani kichwani. Akiru alikuja mara kwa mara kuangalia rangi. Mbuzi wake wanne walipakwa, akawatenga peke yao.

Alasiri tukakutana kwenye kivuli cha gari. Ekal alikuwa amechemsha chai. Nikamwuliza Muthoni punda wanaendeleaje.

"Wengi watapona," akasema. "Wa Akiru alikuwa amevuta moshi, mapafu yamekwisha. Nikamlaza."

"Kwa kisu?"

"Kwa sindano, Madam. Alikuwa anateseka sana."

"Ulimpaka rangi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Punda? Nani atakula punda?"

Ekal akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Sisi," akasema.

Muthoni akabadilika rangi, akasimama, akaanza kutembea kuelekea kule kichakani, kisha akakimbia. Tukamfuata. Punda hakuwepo. Palikuwa na ngozi, kichwa, mavi ya tumboni yaliyomwagwa kwenye majivu, na tumbusi. Tumbusi aliyeshiba huwa mzito, lakini hawa walikuwa wamelala na mbawa wazi, vichwa ardhini. Mmoja alijaribu kuinuka, akaanguka kifudifudi. Mbele kidogo mbweha alikuwa anatembea akiyumba kama mlevi, akaketi, akalala. Muthoni akapiga hatua kumwendea nikamshika mkono. Mnyama wa porini anayekufa bado ana meno.

"Dawa hii ikipikwa inaisha?" nikamwuliza.

"Hata wakiichemsha mpaka kesho, haiishi."

Mambo mawili nilikuwa nayajua ambayo yalinitia hofu kuliko dawa yenyewe. La kwanza, watu wale sindano waliyoijua ilikuwa ya chanjo na ya tiba. Mnyama akidungwa kisha akafa, kwao ni kwamba tiba imechelewa, na nyama ni nyama isipokuwa ina rangi. La pili, nyama ya Mturkana haikai nyumba moja. Anayechinja hutoa fungu la huyu na fungu la yule, la mama, la shemeji, la jirani, na baada ya muda mfupi punda mmoja yuko katika sufuria ambazo huwezi kuzijua. Lokwang aliwahi kuniambia kwamba mchoyo Turkana hafi njaa, anakufa kwa aibu.

Muthoni akasema yeye atabaki kuyafukia yale mabaki, pamoja na wachungaji waliokuwa karibu, na kuyazungushia miiba ili mwingine asile. Kabla hajamaliza kusema, mikono ilikwishashika sepetu. Mimi na Ekal tukatafuta nyayo. Majivu yana fadhila moja, yanahifadhi kila kitu. Kulikuwa na alama za akala za wanawake, vile viatu vya matairi, alama za kina, za watu waliobeba mzigo. Katikati yake kulikuwa na alama nyingine, za mviringo, hazina kucha wala vidole. Ekal akachuchumaa.

"Hii ni miguu yenye bandeji," akasema. "Kamba imeshindwa."

Nyayo zilielekea upande wa mto Tarach. Tulipanda gari, na hapo nikaona mateso ya kwenda polepole. Ekal alizunguka kila shina linalotoa moshi. Nilitaka kumwambia akanyage mafuta, nikajizuia, kwa sababu gari likitumbukia hakuna atakayefika. Nilihesabu watoto wa Akiru kichwani kwa sura, yule mwenye shanga nyekundu, yule anayekohoa, yule mdogo wa mgongoni. Nilimwomba Mungu kwa Kitaita, lugha ambayo siitumii kwa mambo madogo.

Majivu yaliisha, ikaanza changarawe, nyayo zikapotea. Ekal akatoa kichwa dirishani akatafuta moshi. Mbele kulikuwa na moshi kutoka maboma matatu tofauti. Akachagua ule uliokuwa karibu na kingo za mto, akasema Akiru lazima amehamia kwenye mchanga unaochimbika maji. Hakuwa na uhakika, nami niliuona wasiwasi wake kwenye shingo.

Alikuwa Akiru. Watoto walikuwa wameketi wakiizunguka sufuria kubwa, wote, na sufuria inachemka. Akiru akainuka akatabasamu. Alikuwa amepoteza kibanda, punda na mbuzi kadhaa, na bado alifurahi kupata mgeni.

"Ejok, Daktari. Keti. Nyama bado kidogo."

"Akiru, kuna mtu amekula?"

"Bado. Mbwa tu. Ilifuata sisi, nikapatia matumbo."

"Mwaga hiyo nyama."

Tabasamu likaondoka. Nikamweleza kwamba sindano ile haikuwa ya kuponya. Ilikuwa ya kumwondolea punda mateso, na kilichomuua punda kimo ndani ya nyama. Ekal akarudia kwa Kiturkana. Akiru alisikiliza pande zote mbili, kisha akanijibu mimi.

"Mulisema yenye rangi haikuliwi. Mbuzi yangu nne iko na rangi, nimeweka kando. Hii niliangalia kichwa, nikaangalia mgongo, nikaangalia mpaka tumbo. Haina rangi."

Alikuwa amelishika neno letu kuliko sisi wenyewe, na sasa namwambia neno lile halikutosha. Niliona aibu, na hofu ikawa kubwa kuliko aibu, maana mtoto mwenye shanga nyekundu alikuwa na kijiti mkononi na anakisogeza kwenye sufuria.

"Watoto watakula nini?" Akiru akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

"Lomeri yuko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Mbwa alikuwa amelala kwenye kivuli cha ngozi iliyotandazwa juu ya fito, ubavu mmoja, bandeji zake nyeupe zimenyooka. Gari lilikuwa limeingia, wageni wameshuka, na hakuwa ameinua kichwa.

"Mwite," nikasema.

Akiru akamwita. Akamwita tena, kwa sauti ile anayotumia kuwarudisha mbuzi. Kisha akaenda akapiga magoti, nami nikapiga magoti upande wa pili, nikalifungua jicho la mbwa na kuligusa kwa ncha ya kidole. Halikupepesa. Pumzi ilikuwepo, ndogo, ya mbali.

Akiru akasimama, akarudi kwenye moto, akaipiga teke sufuria. Mchuzi ukazima makaa, na mtoto mdogo akaanza kulia. Nilidhani tumemaliza. Ekal ndiye aliyeuliza mafungu mengine yako wapi.

"Ya mama," Akiru akasema, na hapo hapo akaanza kukimbia.

Mama yake aliishi ng'ambo ya mto mkavu. Nilijaribu kumfuata, mchanga ukanishinda kabla sijafika katikati. Niliona akala zake zikirusha mchanga, kisha akapotea nyuma ya ua wa miiba. Sikusikia kelele, na ukimya ule sitausahau. Nilipofika nikihema, Ekal akiwa kando yangu, nilimkuta bibi kizee ameketi mbele ya sufuria yake, amekasirika sana, anamfokea bintiye. Ekal alinitafsiria baadaye. Bibi hakuwa na meno hata moja, na nyama ya punda mzee hutaka subira. Alikuwa ameichemsha tangu ilipomfikia, akiibonyeza na kuona bado, na sasa binti yake mwenyewe amekuja kumwaga chakula chake. Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka, kisha nikagundua kwamba nalia.

Ekal akaenda Kakuma kutafuta unga na maharagwe, akapita kumchukua Muthoni. Mafungu mengine hayakuwepo. Akiru alikuwa bado hajawagawia wengine, hata wanawake waliomsaidia kubeba. Nyama yote ilirudishwa, ikahesabiwa viungo mpaka punda akakamilika.

Muthoni alikaa na Lomeri. Alimgeuza ubavu huu na ule, akamfunika, akamwekea maji mshipani, akamfanyia kila ambacho angemfanyia mbwa wa tajiri wa Nairobi. Akiru alikaa upande wa kichwa. Jua lilipokuwa linashuka kwenye vilima, ile pumzi ndogo ikakosa kurudi.

Nikalazimika kusema tena jambo gumu. Huko mbwa akifa huachwa, na porini kuna wa kumla. Lakini huyu hawezi kuachwa, nikasema, fisi na tumbusi watakufa kama wale wengine, na mbwa wa jirani pia. Lazima afukiwe pamoja na nyama, shimo refu. Ekal na Muthoni wakachimba pale ardhi ilipokuwa ngumu, mbali na visima. Nyama ikatangulia. Nilipotaka kumteremsha mbwa juu yake, Akiru akanizuia kwa mkono, akaonyesha pahali pengine, hatua kidogo pembeni.

"Hapo nyinyi munafukia dawa," akasema. "Mimi nafukia mbwa yangu."

Tukachimba shimo la pili. Akamlaza mwenyewe, akamfungua zile bandeji moja moja, akanirudishia mkononi. Udongo ulipojaa akaleta mawe, na watoto wakaleta mawe. Muthoni alisimama kando na sepetu, hakujua kama anaruhusiwa. Akiru akamtazama kwa muda, kisha akamkabidhi jiwe.

Lokwang nilipomsimulia hakunilaumu wala kumlaumu daktari. Aliuliza jina la mbwa, akalirudia. Muthoni alibaki kaskazini muda mrefu baada ya hapo, na kila nilipokutana naye mikono yake ilikuwa na madoa ya kijani. Alipaka mbuzi, ngamia, punda, hata mbwa. Watu walimcheka, wala hakujali.

Mkoba wangu nimeuacha Lodwar, kwenye kabati lisilofungika. Mtakapouchukua, mtaikuta mikebe ya rangi juu na chupa ile chini kabisa, na nimeipanga hivyo makusudi. Kabla hujaifikia chupa, uliza: huyu atakufa aliwe na nani? Ukijibiwa hakuna, uliza tena, na safari hii umwulize mwenye mnyama.